Kura Ambayo Makhluf Ohana Hakuipiga

Katika yote aliyoyajenga, hakuna alichokipenda Makhluf Ohana kama wodi ya wazazi ya Givat Rotem, mji mdogo wa jangwani Israeli. Yeye mwenyewe alishushwa na lori pale akiwa mhamiaji wa miaka sita, mama yake akiuliza bahari iko wapi. Akakulia kwenye mabanda ya bati, akafanya kazi kiwanda cha nguo, wenzake wakampeleka kwenye halmashauri, kisha akawa meya miaka kumi na mmoja. Kila Ijumaa asubuhi aliweka kiti mbele ya duka la mikate, na mwenye shida akaja nayo bila miadi wala katibu. Hapo ndipo kina mama walipomwambia wamechoka kujifungulia njiani. Akajenga wodi ya vitanda vinane, na mji ukamtuma Bungeni Yerusalemu.

Huko serikali ikataka kufunga wodi ndogo zote. Makhluf, mtu wa upinzani, akaandika mswada wa kuzilinda, akahangaika miezi minane kutafuta kura. Ndipo akafariki mke wa Amnon Harpaz, mkulima wa shamba la ushirika la kibutsi na mbunge wa upande wa serikali, ambaye yeye na Makhluf walitukanana ukumbini kila wiki na kunywa chai pamoja kila wiki. Enzi hizo mbunge akifiwa, mmoja wa upande wa pili naye hakupiga kura, ili msiba usiwe hasara ya chama. Haikuandikwa popote. Watu walipeana mikono, basi. Makhluf alimpa Amnon mkono makaburini, na kesho yake ikatangazwa kwamba mswada utapigiwa kura ndani ya zile siku saba za matanga ya Kiyahudi.

Chama kilimwona mjinga. Jirani yake Prosper Ifergan, waliyekuwa naye kiwandani, mkewe akiwa mjamzito, alimpigia simu.

"Mkono ni mkono tu, Makhluf. Unaunawa."

"Nimeshampa."

"Na sisi ulitupa nini?"

Siku ya kura Makhluf alikwenda kukaa matangani kwa Amnon, kwenye kibao kifupi, mayai ya kuchemsha mezani yakiwa hayajaguswa. Simu ikaita. Kura zilikuwa sare, hamsini na mbili kwa hamsini na mbili, na mswada umeanguka. Amnon akamsogezea yai.

Wodi ilifungwa kabla ya baridi. Mke wa Prosper akajifungulia garini kwenye njia panda, na mtoto hakulia. Tangu siku hiyo Prosper akamwita Makhluf "mheshimiwa", hata baada ya mji kumnyima kiti.

Siku hizi wabunge wananyimana hata matanga, na vijana wenye simu mbilimbili ndio wanaohesabu vichwa. Ukimtaka meya unapewa namba, unangoja mpaka unakata tamaa. Watu wa Givat Rotem wanalalamika kwamba neno la mtu halina thamani tena, na yule aliyelishika la kwake hawamsalimii.

Mwaka huu Freha, mke wa Makhluf, alifariki. Alasiri ya siku ya tatu ya matanga walikuja wanaume tisa, na sala ya marehemu inataka kumi. Binti yake akavuka barabara kwenda kumwita Prosper.

"Mwambie mheshimiwa mimi leo sipigi kura," Prosper akasema dirishani, akashusha pazia la bati.

Wakangoja. Jua likiwa limeshainama, akashuka kwenye basi mzee mwenye fimbo mbili, kichwa wazi, na mtu akamvika kofia ya sala. Alikuwa Amnon Harpaz. Alipokaa, Makhluf akamuuliza jambo alilokaa nalo moyoni miaka yote hiyo.

"Ningefiwa mimi, na wodi ikawa ya kwenu, ungepiga kura?"

Amnon akajibu, "Ningepiga, Makhluf. Kwa watu wangu, ningepiga."

Makhluf akalitazama lile pazia la bati ng'ambo ya barabara, likiwa limeshuka mpaka chini.

"Haya, simama," akasema. "Wewe ndiye wa kumi."