Wifi Yangu na Alama ya Kutoa

Restituta ni mke wa kaka yangu Damian, na tangu mwaka uliopita anaishi kwangu hapa Nshambya, karibu na chuo anachosoma, katika chumba kinachotazama migomba. Siku aliyofika alishuka na begi moja na mkungu wa ndizi, akacheka, akasema, "Wifi, nimekuja kukujazia nyumba." Nilidhani nitakuwa nakisikia kicheko kile kila siku. Haikuwa hivyo.

Kule Buganguzi, wilayani Muleba, alikuwa akitunza stoo ya dawa katika zahanati ndogo. Kazi aliipenda na aliifanya miaka mingi kwa cheti cha kidato cha nne tu. Kisha ukaja uongozi mpya, ukasema kila anayeshika stoo lazima awe amesomea uhasibu chuoni. Asiyesoma ampishe aliyesoma. Yeye walimwambia watamshikia nafasi yake, mradi awe anasoma kweli na afaulu.

Jumuiya yao ikalichukua jambo lile kama la kwao wote. Alisomewa misa. Baada ya misa watu walikula ndizi na kuku uwanjani kwa Damian, na wazee walisimama mmoja mmoja kumpongeza. Kabla hajagusa mlango wa chuo, watu walikwisha kumpa jina: Mhasibu. Mpaka watoto waliokwenda kuchota maji walimwamkia, "Shikamoo Mhasibu."

Katika mambo yote aliyoulizwa siku ile, hakuna aliyemuuliza habari za aljebra. Hata yeye hakuwa akijua kwamba ipo. Aliikuta kwenye ratiba, somo la lazima la muhula wa kwanza, na asiyelifaulu haendelei na mengine.

Wiki za mwanzo alirudi nyumbani mchangamfu. "Wifi, ni kujumlisha na kutoa tu," aliniambia akimenya ndizi. "Wameweka herufi mahali pa namba ili tuogope." Aliniandikia mfano kwa mkaa kwenye sakafu ya jiko: eksi jumlisha tatu ni sawa na kumi, eksi ni ngapi? Nikasema saba. Akanipigia makofi.

Baadaye nimekuja kuelewa kwamba aljebra ndivyo inavyomkaribisha mtu. Inamfungulia mlango vizuri, inampa kiti, na mtu anajiona amefika. Halafu mkufunzi anaanza kwenda mbio.

Mkufunzi wao aliitwa Apolinary, kijana mrefu, mdogo kwa Restituta kwa umri. Hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa na mada nyingi za kumaliza kabla ya mtihani, na kila mada ilisimama juu ya mgongo wa ile ya jana. Leo wanafungua mabano, kesho wanatumia mabano yaleyale kwenye hesabu za sehemu, keshokutwa sehemu zile zimeingia ndani ya milinganyo ya kipeo cha pili. Aliyeachwa jana, leo hana pa kukanyaga. Na alifundisha kwa Kiingereza, akichomeka Kiswahili pale tu alipowaona vijana wanasinzia.

Vijana wenyewe walitoka shule juzi, mambo yale bado yalikuwa ya moto vichwani mwao. Waliposema "ndiyo, mwalimu", Restituta naye alisema "ndiyo, mwalimu". Alikuwa mkubwa kuliko wote darasani. Walimwita mama, wakamwachia kiti cha mbele kwa heshima, na kiti kile kilimtesa, kwa sababu hapo mbele hakuweza hata kukunja uso.

Jaribio la kwanza alifeli. Hakuniambia. Nilijua kwa kuwa aliacha kuimba jikoni.

Jumamosi ile alikwenda Buganguzi, na Jumapili, mbele ya kanisa baada ya misa, Damian alimshika mkono na kumzungusha kwa watu. "Mhasibu wenu huyu hapa, anaendelea vizuri," alisema. Mzee mmoja aliuliza kama masomo ni magumu. Damian akajibu kwa niaba yake: "Magumu kwa nani? Kwa huyu?" Watu wakacheka kwa furaha. Restituta naye akacheka. Aliponisimulia baadaye alisema hivi: "Wifi, nilicheka mpaka mashavu yakauma, na moyoni nilikuwa nasema, jamani, niacheni."

Jaribio la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza.

Asubuhi moja, baada ya mvua, nilitoka nyuma ya nyumba nikamkuta kibanjani, ameinama, anapogoa majani makavu ya migomba. Alikuwa amevaa sketi yake ya chuo.

"Wifi, leo hakuna kipindi?"

"Kipo."

"Sasa?"

Hakuinuka. Alikata jani, akaliweka chini, akakata lingine. "Nilifika mpaka getini," alisema. "Miguu ikakataa."

Nikakaa juu ya gogo. Nikamwambia, kama somo hili limekushinda, badilisha kozi, usome kitu kingine.

"Niliuliza. Kila kozi ya biashara ina aljebra ndani. Na zahanati hawataki kitu kingine, wanataka uhasibu."

"Basi rudi nyumbani. Una mume, una mwanao Avit, una shamba, hamtakufa njaa."

Hapo aliinuka, akanitazama kwa macho mekundu. "Nirudi niwaambie nini? Waliniombea misa, Konsolata. Mama yule jirani yetu, Anatolia, amemtaja mwanawe wa kike mbele yangu, anasema naye atamleta chuo kwa sababu yangu. Nikikaa darasani sielewi. Nikirudi siwezi kuwatazama. Niambie wewe, nisimame wapi?"

Nilichukua panga lingine, tukapogoa pamoja mpaka jua likapanda juu ya paa. Na kila kaka yangu alipopiga simu kuuliza maendeleo, nilimpa simu mkewe mwenyewe, kwa kuwa mimi sikutaka kusema uongo wala kumvua nguo. Alikuwa akijibu, "Tunaendelea, baba Avit, tunaendelea," akitazama ukuta.

Aliyemrudisha darasani ni msichana mmoja aitwaye Rahima, wa Izigo, aliyekuwa akikaa kiti cha nyuma yake. Alikuja hapa nyumbani kumtafuta. Alinisalimia vizuri, akaketi mkekani bila kungoja kukaribishwa mara ya pili, akamwambia, "Mama, sisi tuna kikundi, tunasoma mchana chini ya ngazi za maktaba. Njoo."

Restituta alikwenda. Lakini kwenye kikundi alifanya lilelile alilolifanya darasani: alinakili. Vijana walipopata jibu, aliliandika kwa mwandiko mzuri kuliko wao wote. Siku moja Rahima alimfunika daftari kwa kiganja. "Mama, hili lifanye peke yako. Tukikosea wote hakuna wa kutucheka." Akafanya. Akakosa. Akafanya lingine, akakosa. Rahima akayatazama yote mawili kwa muda, akasema, "Twende kwa mwalimu. Mimi naona kuna mahali unajikwaa, ila sijui kueleza."

"Siendi," Restituta alisema.

"Utakwenda, mama. Nitakushika mkono kama unakwenda kuchomwa sindano."

Walimkuta Apolinary ofisini anakula karanga. Restituta alisimama mlangoni. Baadaye aliniambia kwamba pale mlangoni alihisi ni mtoto wa darasa la sita, anasubiri viboko.

Mkufunzi hakumwuliza alama alizopata. Alimpa chaki, akamwelekeza kwenye ubao mdogo, akamsomea: tisa, toa, fungua mabano, eksi toa nne, funga mabano, ni sawa na sita. "Tafuta eksi. Polepole. Nataka kuona kila mstari."

Restituta akaandika mstari wa pili: tisa toa eksi toa nne, ni sawa na sita.

"Simama hapo," Apolinary alisema. "Malizia jibu, halafu lirudishe kwenye swali tuone."

Alipata hasi moja. Alipoirudisha kwenye swali, badala ya sita ilitoka kumi na nne. Akaanza kufuta haraka kwa kiganja. Mkufunzi akamzuia.

"Usifute. Mama, hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta." Akainuka, akachora duara kuizunguka alama ya kutoa iliyo mbele ya mabano. "Hii haimgusi wa kwanza peke yake. Inawagusa wote waliomo ndani. Umeambiwa utoe eksi ambayo imepungua nne. Ukitoa eksi nzima umetoa nne za ziada. Basi zile nne uzirudishe, ziwe za kujumlisha."

Akarudia mwenyewe. Tisa toa eksi jumlisha nne. Eksi ikawa saba. Akairudisha: saba toa nne ni tatu, tisa toa tatu ni sita.

Apolinary akachukua karatasi za majaribio yake, akaanza kuzungushia duara dogo huku na kule. Kwenye sehemu, kosa lilelile. Kwenye kipeo cha pili, lilelile. "Unaona? Hujui kitu kimoja tu," alimwambia. "Lakini hicho kimoja kipo kila mahali. Kwa nini hukuja mwezi wa kwanza?"

"Niliona aibu, mwalimu. Nilidhani wote wanajua."

"Nusu ya darasa hawajui. Wanasema ndiyo kama wewe."

Ningependa kusema kwamba tangu siku ile mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Alikuwa amepata mwanya, lakini muhula ulikwisha kumwacha nyuma. Kila alasiri aliketi barazani na kufanya maswali, akifungua mabano mpaka mimi mwenyewe nikajua. Nilikuwa napita na beseni la nguo namsikia ananong'ona: "Wote waliomo ndani, wote waliomo ndani." Alipofika kwenye mada ya logi alikwama tena wiki nzima, akakonda, akawa hali chakula cha mchana. Lakini sasa alipokwama alikwenda kuuliza siku hiyohiyo. Hiyo ndiyo ilikuwa tofauti, na haikutosha. Matokeo yalipotoka, masomo mengine yote alifaulu. Aljebra alipata sapu, yaani kurudia mtihani. Na pale chuoni sheria ilikuwa moja: ukifeli sapu unadisko, unafunga virago.

Wiki hiyohiyo Damian akaja bila taarifa. Alikuwa ameleta kahawa mjini, akapita na ndizi na senene waliokaangwa na mama yetu. Alimkuta mkewe barazani, majira ambayo wenzake wote walikuwa likizo.

"Mama Avit, mbona hukuja nyumbani? Chuo si kimefungwa?"

Nilikuwa dirishani. Nilimwona wifi yangu anaweka kalamu chini.

"Nimepata sapu," alisema. "Ya aljebra. Nikifeli tena wananifukuza. Na majaribio ya mwanzo yote nilifeli. Nilikuwa nakudanganya kwenye simu."

Damian hakupandisha sauti. Alivua kofia, akaketi kwenye ngazi. Nilitamani agombe. Mwishowe akasema, "Waitu, mke wangu, mimi nimekwisha kuwaambia watu utakuwa mhasibu wa zahanati. Nimemwambia padri. Nimewaambia wajomba. Sasa nami niseme nini?"

"Sijui."

"Basi faulu."

"Ndivyo ninavyojaribu kufanya, Damian."

"Faulu," alirudia, taratibu kabisa, kama anayemwomba. Akaacha ndizi mlangoni, akaondoka bila kunywa chai. Nilimwona akipita kwenye uzio anajifuta uso kwa kofia. Hapo nikaelewa kwamba kaka yangu naye hakuwa na pa kutokea. Alikuwa amejifungia humo kwa mdomo wake mwenyewe.

Restituta alifanya sapu siku ya mvua kubwa. Rahima, ambaye yeye alikwisha kufaulu, alitoka Izigo asubuhi kuja kumsindikiza mpaka mlango wa chumba cha mtihani. Majibu yalipotoka, alikuwa amepata C. Aliniletea simu niisome, kwa kuwa hakuamini macho yake. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia. Yeye alikaa chini sakafuni, akaegemeza kichwa ukutani. Aliguna kidogo tu, akasema, "Muhula ujao kuna aljebra ya pili."

Tulikwenda wote Buganguzi Jumapili iliyofuata. Watu wakamzunguka, Mhasibu, Mhasibu. Anatolia akamsogeza mbele binti yake, akasema, "Mwambie mwenzako jinsi mambo yalivyo mepesi huko."

Damian alimtazama mkewe. Nami nilimtazama.

"Si mepesi," Restituta alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilisikika. "Kuna somo linaitwa aljebra. Linaanza kama mchezo, halafu linakuacha. Mimi lilinifelisha, nikarudia, nikapita kwa shida. Ukienda, mwanangu, siku ya kwanza usiyoelewa, siku hiyo nenda kauliza. Usingoje ya pili."

Mzee mmoja aligeuza uso. Anatolia alimvuta binti yake begani, sikujua kwa hasira au kwa woga. Damian alikohoa, akasema chakula kinapoa, twendeni.

Njiani, binti yule wa Anatolia alitufuata, akamwuliza Restituta kwa sauti ya chini, "Shangazi, kwani hiyo herufi eksi ina maana gani?" Wifi yangu akapunguza mwendo, akaanza kumweleza.

Jumatatu alirudi chuoni. Zahanati bado wanamshikia nafasi, wanampigia kuuliza amefika wapi. Siku zenye kipindi cha aljebra hanywi chai mpaka arudi, na mimi siku hizi simlazimishi.