Asilimia Thelathini na Moja

Madereva wenzake walimwita Mama Breki, maana shimo likiwa bado mbali, mguu wake ulishatangulia kukanyaga. Hakununa. Miaka kumi na mmoja alibeba watoto wa shule na hakumkwaruza hata mmoja. "Kwa mwoga huenda kicheko," aliwajibu, "kwa shujaa huenda kilio."

Yalipoletwa mabasi ya umeme, hofu yake ilipata kazi mpya. Mchana, watoto wakiwa darasani, mabasi yote tisa yalichomekwa yadini. Umeme ukiwa mwingi, yalijaza betri. Watu wakiwasha mashine na feni kwa pamoja, shirika la umeme liliuvuta umeme uleule kutoka kwenye mabasi na kuurudisha kwenye gridi, mtandao wa umeme wa mji. Sharti lilikuwa moja: betri isishuke chini ya nusu.

Siku moja ya joto kali, saa nane, mtambo mkubwa wa kuzalisha umeme ulizimika. Betri ya basi lake ilikuwa imefika asilimia hamsini kamili. Msimamizi wa yadi akaja mbio, simu sikioni, shati limemganda mgongoni.

"Mama Breki, watu wa gridi wanaomba tuwaachie zaidi. Robo saa tu. Wenzako wamekubali."

"Na ule mlima wa njia yangu nao umekubali?"

"Dada yangu, laini hii ndiyo ya hospitali, na jenereta lao ni bovu tangu juzi. Ikikatika..."

Wifi yake Mama Breki alikuwa hukohuko, ameingizwa chumba cha upasuaji saa moja iliyopita. Mama Breki akabonyeza kitufe cha kukubali. Hamsini ikawa arobaini na tisa.

Robo saa ikazaa nusu saa. Alipochomoa waya kwenda kuwachukua watoto, kioo kilisoma thelathini na moja. Njia yake ilikula ishirini na tano, lakini hiyo ni siku isiyo na foleni.

Siku hiyo foleni ilikuwapo. Akazima kiyoyozi.

"Mama, tunapikwa!" watoto wakalalamika.

"Fungueni madirisha, wanangu. Na kila mtu afunge mkanda."

Sauti ilitoka tulivu. Walipofika chini ya mlima zilibaki asilimia tisa. Kushoto bonde, nyuma lori la mchanga. Nane. Saba. Kwenye dashibodi ikawaka alama ya kobe, ya betri inayokwisha, na basi likajipunguzia nguvu lenyewe. Alikanyaga mpaka mwisho, halikujali. Lori likapiga honi ndefu. Breki za basi lake alizijua. Za lori lile nani alizijua? Akawasha taa za tahadhari, akashika usukani kwa mikono miwili. Tano. Nne.

"Mama, mbona tunatembea kama maharusi?" mmoja akauliza, wote wakaangua kicheko. Akajilazimisha kucheka nao, macho hayabanduki kwenye ile nne.

Kisha kilele. Mteremkoni magurudumu yakaanza kuirudishia betri umeme: tano, sita.

Akamshusha mtoto wa mwisho. Akampigia kaka yake.

"Ametoka salama," kaka akasema. "Taa hazikuzimika hata mara moja."

Akalia palepale, kichwa juu ya usukani.

Kesho yake, kabla ya salamu, alimkabili msimamizi. "Sharti liwe kwenye mashine, si mdomoni. Nusu ikifika, ikate yenyewe, hata mimi nikiomba."

"Hata ukiomba wewe?"

"Hasa nikiomba mimi. Jana ningewapa yote."

Mashine ilirekebishwa wiki ileile. Yeye alichukua likizo ya siku tatu kumuuguza wifi yake. Siku ya nne akarudi barabarani, betri imejaa pomoni, na bado alipofika mlimani alizima kiyoyozi.