Nilivyopanda Newala na Majitu ya Chuma

Safari yangu ya Newala ililetwa na mdomo wangu mwenyewe, simlaumu mtu. Nilikuwa nauza mitumba sokoni Masasi, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na kila mwenye meza akawa mfanyabiashara. Siku moja nikafungua belo la nguo za watoto, nikakuta katikati ya soksi sanduku la karatasi ngumu. Ndani mlikuwa na sanamu nane za roboti, majitu ya chuma marefu kama kidole gumba, yenye mizinga mahali pa mikono. Mlikuwa pia na ramani iliyogawanywa vyumba vya pembe sita, dadu mbili, na kitabu cha sheria cha Kizungu.

Rafiki yangu Mwalimu Chitanda, wa shule ya msingi, ndiye aliyetusomea. Mchezo wenyewe si mgumu. Jitu linatembea, linapiga, na kila likipiga linapata joto. Joto likizidi linazima, linasimama kama mlingoti huku adui akilichakaza. Dawa yake ni mto. Ramani yetu ilikuwa na mto, na jitu likiingia mtoni linapoa palepale. Basi mimi nilikuwa nalisimamisha jitu langu kubwa, Katapila, katikati ya maji, napiga mizinga yote bila huruma. Kwa mbinu hiyo nilikuwa sijafungwa Masasi nzima, yaani sijafungwa na watu sita.

Akaja Baba Fatu, fundi wa kuchonga vinyago kutoka Newala. Alikuja kutafuta shati kwangu, akacheza nasi jioni mbili, akarudi kwao na ugonjwa wa mchezo huo. Baada ya miezi michache ikafika barua yake: "Tumechonga majitu yetu ya mpingo. Sasa tunacheza wengi, ila sheria tunakumbuka nusu. Njoo na kitabu tushindane. Atakayeshinda akae nacho." Mtu mwenye akili angejibu salamu tu. Mimi nikaandika: "Nakuja Jumamosi. Andaeni vitambaa vya machozi."

Kitabu chenyewe kilikuwa kimoja tu. Mwalimu hakuwahi kuandika tafsiri. Alitafsiri papo hapo mezani, na ajabu ni kwamba kila akitafsiri, sheria ilimpendelea yeye. Bila kitabu, na michoro na namba zake, tusingekuwa na pa kumkamatia, na mchezo wetu ungeishia kwenye ugomvi. Wenzangu wakaniapisha nirudi nacho.

"Baba Asha," Mwalimu akaniambia, "ukirudi mikono mitupu, ni bora utafute mke na shamba hukohuko."

Jumamosi asubuhi nilipata lifti kwenye lori la mnunuzi binafsi wa korosho, mmoja wa wale waliokuja na soko huria. Nikakaa juu ya magunia matupu, Katapila na wenzake watatu wamefungwa kwenye soksi, kitabu nimekichomeka kifuani ndani ya shati. Milima ya mawe ya Masasi ikabaki nyuma. Mwezi ule mvua zilikuwa bado, na vumbi jekundu liliingia mpaka kwenye meno. Nilikuwa na chupa moja ya maji, nikaimaliza kabla ya kuanza kupanda. Nilijiambia, kwani Newala hakuna maji? Swali la kijinga kabisa.

Kwenye kona za mlima lori lilipanda likiguna, na dereva akatushusha mara mbili tuliokuwa juu tutembee kwa miguu. Kisha ikabidi tuzungukie Mkunya, alikuwa na magunia ya kushusha huko. Jua likanipiga utosini. Midomo ilikauka nikashindwa hata kupiga mluzi.

Saa sita mchana tukafika Newala mjini. Ukisimama ukingoni unaona bonde lote la Ruvuma, na mto unang'aa chini kule. Maji unayaona kwa macho, kuyapata ni habari nyingine. Sokoni ndoo zilikuwa zimepangwa foleni, na wenyewe wamekaa pembeni wanapiga soga. Nikamuuliza mama mmoja kulikoni. Akanijibu pampu imeharibika, tena kwa sauti ya mtu anayekwambia leo Jumamosi.

Nyumbani kwa Baba Fatu nilipokewa vizuri mno. Barazani palikuwa na meza, na juu yake uwanja wa vita waliouchonga wenyewe: ubao wenye vyumba vya pembe sita, vilima vya udongo, mikorosho ya vijiti. Watu watano walikuwa wameshakaa kutazama, mmoja katoka Mnyambe kwa miguu tangu alfajiri. Nikamwamkia mzee kuliko wote, shikamoo, akaitikia marahaba huku anaitazama soksi yangu.

"Haya Baba Fatu," nikasema, "kaa nikunyoe."

Akacheka. "Mimi nachonga tu. Anayecheza ni Mama Fatu."

Mama Fatu, mkewe, mwanamke mfupi mwenye macho matulivu, akanikaribisha na kuniambia nisubiri. Akaingia ndani. Nikapanga majitu yangu upande wangu wa meza. Majitu yao, loo! Meusi, yanang'aa, yana matumbo na mizinga. La mbele kabisa, waliloliita Bibi, lilikuwa na chale mashavuni na ndonya, kile kipande cha mti kinachochomekwa kwenye mdomo wa juu. Na hapo karibu na mkono wangu, kikombe cha bati cha buluu, kimejaa maji, na kijiko pembeni. Nikasema moyoni, hawa watu wana adabu. Mgeni kaja na kiu, kaandaliwa. Nikakinyanyua, nikakinywa mpaka tone la mwisho, nikatoa na pumzi ya kushukuru.

Baraza zima likanigeukia.

Mama Fatu akatoka ndani ameshika bakuli la maji kwa mikono miwili, maji ya mgeni. Akakitazama kikombe, akanitazama mimi.

"Baba Asha, tuanze?"

"Tuanze. Lakini kwanza nionyesheni mto uko wapi. Ubaoni siuoni."

"Mto umeunywa," akasema.

Yule wa Mnyambe akaanguka kwenye mkeka kwa kucheka. Baba Fatu ndiye aliyenieleza, machozi ya kicheko yanamtoka. Walipochonga ubao walijaribu kuweka mto, wenzake wakagoma. Mto Newala utoke wapi? Kwa hiyo kila mchezaji anapewa kikombe kimoja kwa vita vyote. Jitu likipata joto unalinywesha kijiko, linapoa. Kikiisha kimeisha.

"Basi nijazieni kingine," nikasema. "Nilikuwa sijui."

Mama Fatu akaniwekea lile bakuli mbele. "Maji ya kunywa nitakupa mpaka utosheke, wewe ni mgeni wangu. Maji ya vita ni yale uliyopewa."

Nikawatazama wengine wanitetee. Wote wakatikisa kichwa. Nikanywa lile bakuli kwa hasira.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Nilikigusa kitabu kifuani, nikawaona wenzangu Masasi wamekaa Jumamosi ijayo, na Mwalimu anawatungia sheria. Ikabidi nicheze nisivyowahi kucheza: napiga mzinga mmoja, napumzika zamu nzima, napiga tena. Na sikucheza vibaya! Niliyaangusha majitu yake matatu, yeye akaangusha matatu yangu. Wakabaki Bibi na Katapila. Mama Fatu alikuwa hana haraka. Kila zamu alichungulia kikombe chake kwanza, kama anavyochungulia mtungi wa nyumbani kwake mwaka mzima, halafu ndipo anaamua. Mpaka saa kumi alikuwa bado na kijiko kimoja.

Bibi akasogea karibu. Nikahesabu joto. Nikipiga mizinga yote nikamwangusha, nimeshinda. Asipoanguka, Katapila linazima. Uvumilivu ukanishinda, bwana. Nikapiga yote.

Dadu zikatoa sita na tatu. Mkono mmoja wa Bibi ukang'oka, lakini Bibi kasimama. Katapila likazima.

Mama Fatu akachota kijiko cha mwisho, akaipitisha ile ndonya ndani ya maji taratibu, akamzungusha Bibi mpaka mgongoni kwa Katapila. Sitasimulia kilichofuata. Nilitaka kulia, nasema kweli.

Nikafungua kifungo cha shati, nikakitoa kitabu kikiwa kimelowa jasho langu. Akakipokea kwa mikono miwili, akakifunga kwenye kipande cha kanga.

"Fatu yuko sekondari, atatusomea," akasema. Kisha akanipa kile kikombe cha buluu. "Nacho kipeleke kwenu. Mwambie Mwalimu mto wa Newala ndio huu."

Kesho yake nikateremka na lori lililojaa korosho, kikombe mapajani, na njia nzima natunga maneno ya kujitetea. Nilichojifunza hakikuwa kirefu. Huko Masasi nilikuwa sijui vita, nilikuwa najua mto tu. Na ukifika ugenini ukakuta maji mezani, uliza kwanza ni ya nani.

Jumamosi iliyofuata, kwenye kibanda changu sokoni, nilitandaza ramani nikaufunika mto kwa mchanga. Nikaweka kikombe kilichojaa upande wangu, na kingine upande wa Mwalimu. Akafika na baiskeli juani, shati limemganda mgongoni, ameanza kufoka kabla hajashuka.

"Kitabu kiko wapi, Baba Asha? Sema! Kiko wapi?"

Huku ananingoja nijibu, akakinyanyua kikombe chake, akakinywa chote, akajifuta masharubu. Ndipo akaitazama ramani.

"Na mto je? Mto umeupeleka wapi?"

Nikamvutia kiti.

"Umeunywa, Mwalimu. Kaa tuanze."