Faiba ya IBS ilivyotaka kunikosesha mke siku ya kujitambulisha Buhongwa

Wakuu, nawasalimu kutoka Igoma, Mwanza. Miaka yote nasoma nyuzi zenu kimyakimya, leo naweka ya kwangu. Sijaongeza chumvi hata kidogo. Wa kucheka mcheke tu.

Nina IBS, ule ugonjwa wa utumbo msumbufu. Daktari alipima kila kitu, hakuna kidonda wala minyoo. Akasema utumbo wangu unashtuka haraka, nitafute faiba, yaani nyuzinyuzi za kwenye chakula.

Mimi na ujuaji wangu nikaanza kutia pumba za ngano kwenye uji. Aisee! Tumbo lilijaa gesi mpaka mkanda ukagoma kufunga.

Dada wa duka la dawa Nyakato alinicheka kwanza.

"Kaka, hizo pumba zinakukwaruza tu. Wewe unataka faiba inayovuta maji ikawa laini kama mlenda."

Akanipa kopo la maganda ya mbegu ziitwazo psyllium. Nusu kijiko, maji glasi nzima, niongeze taratibu.

Taratibu gani wakati Jumamosi naenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, Modesta?

Na tulivyolelewa kwetu, siku ya kwanza ukweni huombi choo. Unakaa, unakula ulichopewa, unaitikia. Ukianza kutokatoka, wazee wanasema huyu hajatulia. Baba yake Modesta alishamkataa mchumba mmoja kabla yangu, kwa hiyo sikutaka kukosea hata kidogo.

Jumamosi asubuhi nikapiga vijiko viwili vilivyojaa, ili tumbo litulie kabisa. Maji nikameza mafunda mawili tu, nisije nikabanwa na mkojo ukweni. Hapo ndipo nilipojimaliza mwenyewe.

Tukafika Buhongwa, mimi na mjomba wangu, ambaye ndiye alikuwa msemaji wetu. Shikamoo, marahaba, ukaletwa ugali na samaki sato.

Tonge la tatu, tumbo likaanza kunguruma. Chumba kizima kinasikia! Jasho linatiririka mgongoni, mama mkwe ananiangalia, mimi naangalia sato. Moyoni naomba, Mungu wangu, nisimkose Modesta kwa ajili ya tumbo.

Mjomba alinitupia jicho mara moja. Kisha, mzee mzima mwenye heshima zake, akanawa mkono na kusema:

"Wazee wenzangu, mniwie radhi, tumbo limenikamata. Mpwa wangu, nisindikize, miguu yangu mibovu."

Wakuu, hiyo miguu mibovu inalima shamba kila msimu! Niliingia mimi chooni, yeye akasimama nje anakohoa kwa nguvu ili nisisikike. Nilitaka kulia.

Siku hizi natumia kidogo kidogo, na maji ya kutosha kila mara. Nilipandisha kipimo taratibu kwa wiki kadhaa. Wasiwasi bado upo nikialikwa mahali, ila tumbo limetulia sana. Somo langu ni kwamba usijaribu faiba mpya ukiwa na safari, na usiinywe kavukavu. Ukiona damu au unakonda, achana na kopo, wahi hospitali.

Nyie mlianza na faiba gani, na ilichukua muda gani kuzoea? Mwageni uzoefu hapa.

Modesta nilimuoa. Ukweni mpaka leo mjomba akifika wanamwekea kiti karibu na mlango, wanamuuliza, "Mzee, tumbo linasemaje?" Anashika tumbo lake na kujibu, "Linanisumbua bado." Hajawahi kunitaja.