Sinia la Chai Karibu na Geti la Ikoma

Walimu wetu wa sayansi kimu walituambia mwajiri binafsi anatafuta ujuzi: lishe, usafi wa jiko, kupanga chakula cha wiki nzima. Wapi! Nilipeleka cheti changu kwenye hoteli moja ya kitalii karibu na geti la Ikoma la hifadhi ya Serengeti, na bahasha haikufunguliwa.

Kazi ile niliihitaji mno. Kwetu Tarime kaka huoa kwa ng'ombe wa mahari ya dada yake, na baba alikuwa amewarudisha wachumba ili mimi nisome. Kaka yangu alikuwa anasubiri. Baba alisema wazi: nikipata kazi, nitamnunulia kaka ng'ombe mwenyewe. Nikikosa, wachumba waje.

Badala ya kusoma cheti, meneja wa hoteli akanijaribu: akanipa sinia la chai nikawahudumie wageni wawili, mama na mzee mwenye mvi. Chuoni nilifundishwa kuanza na mama, tena kwa tabasamu. Lakini nilipofika mezani mikono ilirudi nyumbani. Nikaanza na mzee, macho chini, kama nilivyowaandalia baba na wajomba tangu utotoni. Kwetu binti anayemchekea mwanamume asiyemjua anamtukanisha mama yake.

"Mbona hucheki?" meneja akaniuliza tuliporudi jikoni. "Nyie Wakurya mna sura za ugomvi. Wageni watakimbia."

Pale jikoni kuku mbichi alikuwa anachuruzikia bakuli la kachumbari.

"Samahani bosi," nikamwambia, "huyo kuku atawakimbiza chooni kabla sura yangu haijawafikia."

Hapo nikacheka. Yeye hakucheka. Kazi akapewa msichana mwingine anayejua kutabasamu, na sina neno naye. Kinyongo changu ni kwa yule bwana, na bado ninacho.

Nilirudi nyumbani Nkende. Kaka aliniambia, "Pole, dada," kwa huruma ya kweli, lakini jioni ile ile nilimsikia anapiga mluzi zizini.

Wachumba wakaja. Baba akatoa cheti changu kwenye bahasha, akamkabidhi mshenga wao. Mshenga akavaa miwani, akasoma somo moja baada ya jingine kwa sauti, hadi sahihi ya mkuu wa chuo. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kukisoma chote. Alipomaliza, baba akaongeza idadi ya ng'ombe anaowadai.