Honi Mpya ya Pijo ya Baba

Jamani, nichekeni tu. Juzi nilimaliza kuifufua Pijo, gari kuukuu la marehemu baba, hapa uani kwangu, mtaa wa Kashaulili karibu na stesheni, nikaifungia na honi ya upepo ya lori. Nikaipiga ndefu, nikachekelea kama bwana harusi.

“Mama Neema, chakula kikiiva usiniite. Bonyeza hapa,” nikamwambia mke wangu.

Punde majirani wakapita mbio: “Treni imefika!” Mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Tabora, basi nami nikatimka nao hadi stesheni.

Reli tupu.

“Nyie, nani kawaambia imefika?” akauliza stesheni masta.

“Tumesikia honi!” nikajibu, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Hapo hapo ikalia tena, kutoka upande wa nyumbani kwangu. Wote wakageuka, wakatazama mikono yangu iliyojaa grisi.

Chakula kilikuwa kimeiva.