Mama Mdogo wa Kirusi

Akisoma vinasaba, binti huyu wa maabara hupitisha kidole kidogo juu ya kioo cha kompyuta, herufi kwa herufi, midomo ikicheza kama anayehesabu mishono. Chai hupoa hajaigusa. Siku mama yake mdogo, aliyemlea, alipokuja kumwona kazini, alimkuta mkuu wa maabara akiwatambia wageni mbele ya ubao: "Kirusi cha popo ndicho mama wa hiki cha binadamu!"

Kidole kikasimama. "Samahani, mkuu. Ni mama mdogo. Amezaliwa na bibi wa hiki, ila hakukizaa." Akamwonyesha herufi za virusi hivyo viwili zilipoachana. Mkuu akatazama, akatazama tena, akafuta ubao kwa mkono wake mwenyewe.

Mama mdogo akajiweka sawa kitini, akamgusa mgeni aliyeketi kando yake: "Umemsikia? Mama mdogo ndiye mimi!"